Laini Iliyobipiwa Kila Ijumaa

Mliponikatia keki mwezi uliopita mliniomba niandike machache ya kuwafaa wanaoanza kazi. Meneja wa sasa akaongeza kwamba yawe ya kutia moyo. Hayo ameshayapata kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na ameubandika karibu na mashine ya kahawa. Haya ya Kiswahili ni yenu nyinyi watano mnaozungumza lugha hii mle ofisini, na moyo hayatii. Nimestaafu na hasira zangu zote, na atakayekuja kuniambia nisamehe akae huko huko aliko.

Vyeo na mishahara sitavisema. Vyeo vyenyewe sikupata, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Nilianza kazi ofisi ikiwa Garhoud, jirani na uwanja wa ndege wa Dubai, ghorofa ya pili, ndege zikituinamia hata ukiwa kwenye simu unamwambia mtu asubiri ipite kwanza. Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Mitambo ya simu haikuwa yetu, watu wanaopiga simu hawakuwa wetu. Chetu sisi kilikuwa orodha ya namba. Nani kapewa ipi, ipi imerudi, ipi inapumzika, ipi iende sokoni. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja na akafia Dubai, alikufa hajaelewa mwanawe anafanya kazi gani. Aliwaambia majirani niko posta.

Aliyenipokea alikuwa mzee wa Kerala, kule India, Bwana Kurian. Mfupi, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, mfukoni kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Hakunionyesha choo kilipo wala hakuniuliza nimesoma wapi. Alinisukumia simu ya mezani na karatasi yenye namba ishirini, akasema, "Piga zote. Atakayeitikia, omba radhi, kata, weka alama nyeusi. Isiyoitika, rudia kesho."

Nikamuuliza ndiyo kazi yenyewe hiyo.

"Ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Mengine ni kuandika tu."

Nikaona huyu mzee ana lake. Kumbe ndiye mtu pekee mle ndani aliyejua anachofanya.

Watu hudhani namba haziishi, kwa sababu shuleni walifundishwa kuhesabu mpaka wachoke. Namba za simu huisha. Kila kichwa cha namba, yaani zile tarakimu tatu za mwanzo, kina namba zake na si zaidi. Toa zinazoanza na sifuri, toa za polisi na zimamoto, toa za mafundi za majaribio, toa mafungu yaliyogawiwa makampuni. Kinachobaki ndicho cha kugawia mji mzima, na mji wenyewe miaka ile ya elfu mbili ulikuwa hauna breki. Mtu akishuka ndege alinunua laini kabla ya kununua maji. Kuongeza kichwa kipya nako si kuamka asubuhi ukasema leo tunaongeza. Kila mtambo ufundishwe kukitambua, kila simu ya ofisi ibadilishwe, na ruhusa isubiriwe. Wakati inasubiriwa, kazi yetu ilikuwa kuziokoa zilizopo: kutafuta laini zilizokufa, kuzipumzisha miezi sita mpaka waliozijua wazisahau, kisha kumpa mtu mwingine.

Na kosa kubwa katika kazi hii ni kumzika mzima. Ndiyo maana Kurian alipiga. Laini ikikaa miezi mitatu haijapiga simu wala kuwekwa vocha, mtandao uliileta kwetu kama maiti. Kurian hakuwa akiamini. Siku moja alipiga namba iliyonyamaza miezi minane, akaitikia fundi seremala aliyekuwa amelala hospitalini miezi yote hiyo, anangoja tu simu za kwao. Kurian akaomba radhi, akaweka alama nyeusi, akanitazama juu ya miwani.

"Kunyamaza si kufa," akasema. "Anapokea."

Basi nikajifunza kupiga. Nilipiga mpaka sikio la kulia likawa na alama ya simu. Nilitukanwa kwa lugha ambazo hata sizijui. Lakini katika karatasi ya namba ishirini, mbili au tatu zilikuwa za watu walio hai kabisa, na hao hatukuwagusa.

Sasa niwaambie habari ya droo. Palikuwa na droo ya chuma, na ufunguo wake ulikaa kwa meneja. Ndani kulikuwa na kadi za namba nzuri nzuri, zenye tarakimu zinazojirudia, zinazopanda ngazi, zinazosomeka mbele na nyuma. Hizo hazikugawiwa kwa watu wa kawaida. Zilikuwa zimelala tu, mamia kwa mamia, zikimngoja mheshimiwa. Na hoteli moja hapo hapo Garhoud ilishikilia fungu la namba elfu, ilhali simu zake, ukihesabu mpaka ya chumba cha majokofu, hazikufika mia. Niliandika barua mara tatu kupendekeza mafungu yale yakatwe, yatolewe mia mia badala ya elfu elfu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa "imeonekana." Ya tatu niliikuta imetumika kufutia kahawa. Nasema nilichokiona.

Kurian alistaafu akarudi kwao, akaniachia kalamu nyekundu. Baada yake akaja meneja mpya. Jina lake silitaji, na msidhani ni kwa heshima. Huyu alileta programu ya kompyuta iliyokuwa ikipanga maiti peke yake, kwa maelfu, na karibu na kila namba kuna kisanduku cha kubofya. Siku ya kwanza alinikuta nimeshika simu.

"Unampigia nani?"

"Maiti," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema kupiga ni upotevu wa muda, mashine inajua matumizi ya kila laini, na toka leo asimuone mtu anapiga. Akapunguza pia mapumziko ya namba kutoka miezi sita hadi siku arobaini, maana soko linalia. "Khalas, yalla," yaani imekwisha, twende kazi, ndiyo yalikuwa majadiliano.

Na mimi nikatii. Hapo ndipo hasira yangu yote inapoanzia, kwangu mwenyewe, kabla ya kufika kwake. Mashine ilihesabu simu zilizolipiwa na vocha zilizowekwa, basi. Simu iliyoita ikakatwa kabla ya kupokewa, kwake si kitu. Sasa niambieni, nani katika sisi hajui kubipu? Dada yangu na mimi tulibipiana kila siku: mara moja nimetoka kazini, mara mbili pitia mkate. Miaka tumeendesha nyumba mbili kwa kubipu. Meneja yule hakujua kitu hicho, na sikumtegemea ajue. Mimi nilijua. Nilikaa mbele ya orodha ya laini za watu wa kwetu, mtaa wa Naif mzima umo mle, watu wanaobipu kuliko wanavyosema, nikabofya visanduku kama ninavyochambua mchele, maana nilitaka kuwahi nyumbani.

Mmojawapo alikuwa Rodah.

Alikuja ofisini asubuhi moja, jambo ambalo wateja hawakuwa wakilifanya kwa sababu hawakujua tuko wapi. Mlinzi wetu wa getini, Mkenya mwenzake, alimpitisha. Mwanamke wa makamo kutoka Kitale, mfanyakazi wa dobi katika hoteli moja ya jirani, vidole vimejikunja kwa maji ya moto. Alikuwa amezungushwa maduka yote ya simu wiki nzima, anaambiwa laini yake imekufa.

"Madam," akaniambia, "mimi niko hai na simu iko hapa. Imekufaje?"

Nikatazama. Ilikuwa imefutwa siku thelathini na tatu nyuma, na bofyo lilikuwa langu. Nikamwambia haikuwa na matumizi. Nikamshauri achukue laini mpya, tena niko tayari kumchagulia namba nyepesi. Nilidhani namfanyia wema.

Rodah akavuta kiti bila kuambiwa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

Laini ile haikuwa yake peke yake. Walikuwapo wasichana thelathini na kitu, wa Kenya na Uganda, wafanyakazi wa nyumbani mtaa wa Al Barsha na kwingine, ambao simu zao zilichukuliwa na mabosi siku waliyofika. Karatasi yenye namba ingepekuliwa, kwa hiyo hawakuandika popote. Kabla msichana hajapelekwa kwa madam wake, Rodah alimfundisha ile namba kwa kuimba, ameitia katika tuni ya pambio la kanisani kwao. Wote waliijua kwa kichwa. Ijumaa asubuhi, madam akiwa amelala bado au ametoka, msichana ananyanyua simu ya nyumba na kubipu. Mara moja, niko mzima. Mara mbili, tafuta njia unipigie. Mara tatu mfululizo, njoo na watu, nina shida. Rodah alikuwa na daftari ya shule, majina upande mmoja, alama za kubipu upande wa pili. Ikifika tatu, alikwenda mlangoni na mchungaji wao na mama mmoja anayejua Kiarabu, na mara nyingi ilitosha kwa mlango kufunguka. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kupiga kwa laini ile. Kupiga alipigia simu ya mezani pale dobini, ambayo ndani ya mji ilikuwa bure.

"Sasa Ijumaa nne sijasikia mtu," akasema. "Mimi siwezi kuwatafuta, madam. Wao ndio hunitafuta. Nikichukua namba mpya nitawaimbia vipi?"

Nilimwambia aniite Raya. Akaniita Bi Raya, na nikamwahidi kwamba namba yake itarudi. Zilibaki siku saba kabla haijaenda sokoni.

Nilijaza fomu ya kurudisha, nikaenda kwa meneja. Alikuwa na mgeni, bwana mmoja aliyenunua gari jipya na anataka namba ya simu ifanane na namba ya gari lake. Nilisimama mlangoni nikaona droo ikifunguliwa, kadi ikitolewa, fomu ya mteja maalumu ikitiwa saini, na bwana akaondoka na namba yake hata kahawa haijapoa. Kisha meneja akasoma yangu.

"Huyu ni nani?"

"Anafanya kazi ya dobi."

"Laini haina matumizi tangu lini?"

Nikamweleza kubipu. Nikamweleza wasichana, pambio, Ijumaa, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Kwa hiyo wametumia mtandao kwa miaka bila kulipa, na unataka niwazawadie. Nikimrudishia mmoja, kesho wako mia mlangoni. Tuna uhaba, Raya."

Uhaba. Na ufunguo wa droo uko mkononi mwake, anauchezea.

Nikatoka nikafanya alichonifundisha Kurian kwa siku za shida. Namba za majaribio, za mafundi, hazigawiwi. Nikaiandika ile namba kuwa ya majaribio, nikafunga programu. Kuiwasha tena katika simu ya Rodah nisingeweza bila saini, lakini angalau haitaenda sokoni, na saini ningeitafuta taratibu. Nilimpigia Rodah dobini nikamwambia avumilie, iko mahali salama. Niliyatamka kwa kinywa changu haya, mahali salama.

Wiki mbili baadaye ukaja msimu wa ofa, maduka yanataka laini mpya kwa makatoni. Meneja akaona tuna namba za majaribio nyingi kuliko mafundi. Asubuhi moja, kabla sijafika, akazimwaga zote sokoni kwa bofyo moja. Alipita mezani kwangu akajisifu kwamba ameokoa namba ambazo mimi miaka yote nimezikalia.

Ile ya Rodah ilinunuliwa na dalali wa nyumba. Sina neno na dalali. Kazi yake ni simu, na mtu akimtafuta zaidi ya mara moja, anampigia. Aliona namba ya mezani ya Al Barsha imembipu mara tatu, Jumatatu. Jumanne, mara tatu tena. Akadhani ni mteja mwenye haya. Akapiga.

Akapokea madam wa nyumba.

Aliyebipu aliitwa Mwende, wa Kitui, umri wake ishirini na mbili. Kwao alikuwa msusi, na alikuja Dubai apate mtaji wa saluni. Mafuta ya kukaangia yalimmwagikia mkono wa kulia, madam akampaka dawa ya meno, akaufunga kwa kitambaa, akamwambia aendelee. Mkono ukavimba. Siku ya tano ndipo akabipu tatu, na siku ya sita tena, akisimama karibu na dirisha aone gari la mchungaji. Dalali alipouliza kwa adabu ni nani anatafuta nyumba, madam alijua mara moja nani hushinda peke yake na ile simu. Siku mbili baadaye Mwende alikuwa ndani ya ndege, na kitambaa kile kile. Haya yote Rodah aliyapata kwa msichana wa nyumba ya jirani, kanisani. Alikuja kunieleza akiwa amesimama, safari hii hakuvuta kiti. Baadaye tulisikia madaktari wa kwao waliuokoa mkono, vidole viwili hawakuweza.

Nilimwendea meneja nikamwambia. Akasema ni bahati mbaya, lakini namba yenyewe imefanya kazi yake, imempata mteja anayelipa. Nimeishi miaka mingi baada ya sentensi hiyo na bado nikiikumbuka wakati nakula naacha chakula.

Basi nikafanya nililofanya. Nilirudi mezani kwangu, nikanyanyua simu aliyoikataza, nikaipiga ile namba. Dalali akaitikia haraka. Nikamuuliza kama angependa kubadilishana namba yake na nyingine, yenye tarakimu ya saba mara nne mwishoni, bila kulipa kitu. Akauliza kama ni mzaha. Nikajaza fomu ya mteja maalumu, na fomu ya pili ya kumwashia Rodah laini yake, nikazichomeka katikati ya rundo la saini za alasiri. Meneja alitia saini zote mbili bila kusoma, kama alivyofuta watu bila kuwapigia. Kwa saini yake mwenyewe nikapewa ufunguo, kadi ikatoka drooni, dalali akafurahi, na kesho yake simu ya Rodah ikawa na mtandao.

Aligundua baada ya miezi. Hakunifukuza, maana saini ilikuwa yake. Aliniacha pale pale nilipo mpaka nilipokatiwa keki. Sasa mmejua habari ya vyeo.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda Naif, chumba cha vitanda vinane, kumsikiliza Rodah akihesabu. Simu iliwekwa juu ya kitanda, daftari karibu yake. Muda mrefu haikuita, na Rodah akasema huenda wamekata tamaa. Kisha ikalia mara moja, ikakatika. Akatia alama. Ikalia tena. Walikuwa wakijaribu kila Ijumaa, wote, bila kujua kama kuna mtu. Karibu na adhuhuri ikabipu namba ndefu inayoanza kwa tarakimu za Kenya, mara mbili. Nipigie.

Rodah alinunua kadi ya kupiga nje, akaenda kibanda cha chini, nami nyuma yake. Walisalimiana kwa Kiswahili na Kikamba cha kuokoteza, Rodah akilia na kucheka. Kisha akanipa mkono wa simu. "Anauliza kitu," akasema, "na anayejua ni wewe."

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwenye adabu.

"Nilibipu tatu," Mwende akasema. "Nilibipu siku mbili. Nilikosea namba?"

Nikamwambia hakukosea. Nikamwambia namba ilikuwa sawa, pambio lilikuwa sawa, aliyeifuta ni mimi, kwa mkono wangu, bila kuipiga kwanza. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimetukanwa sana katika kazi hii na ningeyapokea.



"Sawa, madam," akasema.